Mwili Uliowasahau Nyuki

Watu wa Kasulu mjini wakimtaja Felisiani Nduwayezu siku hizi, wanamalizia kwa msemo mmoja: msiba wa kujitakia hauna kilio. Wanausema wakiwa dukani kwangu, wamesimama kwenye kivuli cha turubai langu, wanaonja asali yangu kwa kijiko changu. Mimi huwa nawanyang'anya kijiko. Nawaambia, kama hukumjua nyamaza, nunua asali yako uende. Biashara inaharibika kidogo, lakini roho yangu inatulia.

Naitwa Mwanahawa. Baba yangu, mzee Dadi, alitoka Ujiji akafungua duka hili, akawa ananunua asali kwa baba yake Felisiani. Wazee walipoondoka, mimi nikanunua kwa Felisiani. Kwao ni Rungwe Mpya. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka ule wa sabini na mbili, watoto mgongoni, wakalima, wakazoea, na baadaye sana familia ikapata uraia. Yeye alizaliwa hukuhuku. Nilimwita shemeji kwa sababu ya mkewe Kezia, shoga yangu tangu tukiwa wasichana wa kuuza maandazi gulioni. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, na huyu nilimtania mpaka akazoea. Nilikuwa namwambia ananuka moshi hata akitoka kanisani, naye ananijibu kwamba bora moshi kuliko udi wangu, unaomfukuza mteja kabla hajauliza bei.

Jambo la kwanza uliloliona kwa Felisiani ni mikono. Ilikuwa na vidoa vidogo vya miiba ya nyuki kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, lakini haikuvimba hata siku moja. Nyuki akimuuma, anakwangua mwiba kwa ukucha na kuendelea na maongezi. Mimi nyuki mmoja tu akinigusa shavuni, jicho linafumba na siku imeharibika. Yeye aliumwa tangu yuko mgongoni kwa mama yake, akaumwa utoto wote na ujana wote, msimu kwa msimu, na mwili ukawa umeshakubaliana na jambo hilo.

Na katika ukoo wao kulikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa warina asali wengine. Mrina wao haanzi na moshi. Anafika chini ya mti, anapiga makofi polepole kama Waha wanavyopiga wakisalimiana, anasema "Mwakeye." Kisha anapanda mpaka ulipo mzinga, anakunja mkono wa shati, anauweka wazi mbele ya tundu. Nyuki wachache wanamuuma. Akishaumwa ndipo anashuka kuwasha bomba la moshi na kuanza kazi. Wanaita kuamkia, na mtu huenda kuamkia akiwa amevaa shati safi. Mara ya kwanza kunisimulia nilicheka, nikamuuliza kwani nyuki ni baba mkwe. Akasema ni zaidi, maana baba mkwe hajawahi kumlisha.

Kezia alifariki wakati wa mvua. Alikwenda Titye kumsaidia dada yake kupalilia maharage, presha ikampanda, akaanguka kwenye tuta na hakuamka tena. Sina maneno mengi juu ya siku ile. Nilifunga duka, nikaenda Rungwe Mpya, nikakaa na wanawake kwenye mkeka mpaka miguu ikafa ganzi. Felisiani alikaa nje na wanaume, mikono ameiweka magotini, na nilipomwangalia nilijua huyu mtu amepasuliwa katikati.

Kwa watu wa huko, msiba una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wa kutokea unaitwa kuganduka. Ndugu wanakusanyika, pombe ya ndizi inanywewa, na ndugu wa marehemu anasimama kutangaza kwamba kilio kimekwisha, mfiwa arudi kwenye kazi na maisha. Kabla ya hapo, kwa ukoo wa Felisiani, mfiwa hagusi mzinga. Nyuki wanahesabiwa watu wa nyumba. Wanaachwa nao waomboleze, wale asali yao wenyewe. Kwa kawaida unapita kama mwaka hivi, na mwaka hauui mtu.

Lakini ndugu pekee wa kiume wa Kezia alikuwa Ndihokubwayo, na Ndihokubwayo alikuwa kambini Nduta, kule Kibondo. Wazazi wao walirudi naye Burundi akiwa mdogo, dada zake wakabaki huku, na yeye alikuja na wimbi la wakimbizi la mwaka elfu mbili kumi na tano, miaka mingi baada ya Kezia kuolewa. Kambini hutoki bila kibali. Mwaka wa kwanza kibali hakikupatikana. Kilipokaribia kupatikana, Ndihokubwayo akaugua. Mavuno ya kwanza yakapita, na ya pili yakapita, na mizinga ya Felisiani inaning'inia msituni haina mwenyewe. Jirani yake mmoja, Pasikali, alikuwa anapita kuiangalia isiliwe na nyegere, basi. Mimi hasira zikanipanda. Nilimwambia Felisiani afanye kuganduka na ndugu waliopo, Mungu anaona. Aliniuliza kwa upole ni nani atakayesimama kusema kilio kimekwisha, ni mimi? Nikaondoka nimenuna.

Kibali kikaja. Ndihokubwayo akafika amevaa koti kubwa kuliko mwili wake, akasimama uani, akatangaza kwa Kirundi kwamba kilio kimekwisha. Felisiani akanyolewa nywele. Watu walikunywa, mimi nikapewa soda na chapati. Nililala pale kwa sababu nilitaka kurudi mjini na asali ya kwanza, na kwa sababu, kusema kweli, nilikuwa na furaha. Nilidhani mabaya yamekwisha.

Asubuhi tulikwenda msituni watatu: Felisiani, Pasikali na mimi. Shemeji alikuwa amevaa shati lake jeupe la jana. Akapiga makofi, akaamkia, akapanda. Mimi nimesimama mbali na kanga yangu kichwani, namwona amekunja mkono wa shati na kuunyoosha. Nyuki wakamuuma, akatulia kama kawaida yake. Kisha nikaona anajikuna viganja. Akashuka haraka, jambo ambalo si lake, na alipotugeukia midomo ilikuwa imevimba imegeuka nje. Akataka kusema, ikatoka sauti ya mtu aliyekabwa. Ngozi yake yote ilijaa mabaka. Halafu akakaa chini, akalala.

Pasikali alikimbilia pikipiki. Tulimweka katikati yetu mpaka zahanati, kichwa chake kinanigonga begani, na mimi nasoma kila aya ninayoijua. Nesi hakupoteza muda kutuuliza maswali. Alimchoma sindano pajani palepale mlangoni, juu ya suruali. Baadaye nilijua ile ilikuwa adrenalini. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, ikifanya mluzi kifuani. Jioni alikuwa hospitali Kasulu, macho yamefumba kwa uvimbe, lakini hai.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa Tanga, Abdulrahmani, mtaratibu, hana zile haraka za wenzake. Felisiani alipoweza kukaa, swali lake lilikuwa moja tu, na alikuwa ameshalijibu mwenyewe.

"Daktari, nyuki wamenisahau."

"Hapana, mzee," akasema daktari. "Ni mwili wako uliowasahau wao."

Akavuta kiti. Alitueleza kwamba katika damu kuna seli nyeupe, ndizo askari wa mwili, na hao askari hawaamui wenyewe lini wapigane na lini waache. Wanaamrishwa na matarishi, protini ndogo sana zinazotumwa kutoka seli moja kwenda nyingine. Matarishi hao kwa jumla wanaitwa sitokini, na wana koo zao kama tulivyo sisi. Kuna ukoo mmoja unaitwa wa interlukini ya kumi, kwa jina la aliye maarufu kuliko wote. Nduguze ni wa kumi na tisa, wa ishirini, wa ishirini na mbili, wa ishirini na nne, wa ishirini na sita. Nikamkatiza, nikamuuliza hao ni ukoo au ni vyumba vya gesti? Akacheka, akasema waliowagundua walichoka kubuni majina.

Ndugu hao wamefanana maumbile, akasema, lakini tabia kila mmoja na yake. Wa ishirini na mbili ni fundi. Anashughulika na ngozi na utumbo, anaziba palipochanika. Wa kumi na tisa na wa ishirini wakizidi kiasi wanaiwasha ngozi, inakuwa nyekundu na magamba. Wa ishirini na sita ni mtu wa shari. Wa kumi ndiye mpatanishi. Yeye anawaendea askari na kuwaambia wateremshe silaha, huyu tunamjua. Bila yeye mwili unaweza kujipiga wenyewe kwa jambo dogo.

Mtu anayeumwa na nyuki mara nyingi, mwili wake huwa unamtoa huyo wa kumi kwa wingi kila sumu inapoingia. Kuna tarishi mwingine, wa nne, wa ukoo tofauti kabisa, ambaye kazi yake kwenye sumu kama hii ni kupiga mbiu ya hatari, na mwili unaandaa silaha za kuingojea. Miaka yote kwa Felisiani sauti ya wa kumi ilikuwa juu. Alipokaa misimu miwili bila kuumwa, ile sauti ikafifia, na ya wa nne ikasikika. Daktari alisema si kila mrina anayepumzika hupatwa na haya. Wengi wanarudi kazini salama. Kwa nini yeye, hakujua.

Nilimwangalia Felisiani. Hakuuliza habari ya wa nne wala wa ishirini. Aliuliza huyo wa kumi anarudishwaje.

Tiba ilikuwepo, lakini si kwetu. Daktari alisema kuna nchi wanakochukua sumu ya nyuki, wanaisafisha, wanaipima, wanaanza kumchoma mgonjwa kiasi kidogo mno na kukiongeza kidogo kidogo, hospitalini, kwa miaka, mpaka mwili ukubali tena. Kasulu hakuna, Kigoma hakuna, na yeye hajui pa kutuelekeza hapa nchini. Nilimpigia binamu yangu Zuleha aliyeko Dar, akazunguka akauliza. Alinipigia baada ya muda, akaanza kwa kuniulizia watoto wote mmoja mmoja, nikajua jibu kabla hajalitoa.

Daktari alimwambia Felisiani aachane na nyuki kabisa. Na kwa kuwa nyuki hawajui kuachwa, akampa adrenalini kwenye chupa ndogo ya kuvunja shingo, pamoja na bomba la sindano, akatufundisha sisi wawili na Pasikali jinsi ya kuchoma pajani. Isikae kwenye joto wala kwenye mwanga. Nyumba ya Felisiani ni bati tupu bila dari, mchana ni tanuri. Kwa hiyo chupa ikakaa kwangu dukani, kwenye friji, nyuma ya soda. Tulipatana hivi: siku yoyote atakayokwenda karibu na mizinga, lazima apite achukue chupa kwanza, na aende na mtu.

Sasa niambie, mrina asali asiyeweza kukaribia nyuki ni nani? Alijaribu kulima. Maharage yakatoa maua, nyuki wakajaa shambani kuliko yeye alivyolima. Akiwekewa chai nje na nyuki akatua kwenye ukingo wa kikombe, anaiacha chai na kuingia ndani. Watoto wa jirani wakaona, wakaanza kumvumia kwa midomo nyuma yake, zzzz, wacheke. Niliwahi kumshika mmoja sikio. Huyu mtu mikono yake ilikuwa haiogopi kitu, na sasa inzi akipita anashtuka. Nilikuwa naona haya kumtazama.

Hata dukani kwangu akawa haingii. Duka la asali lina nyuki wake kila siku, wanazunguka madumu na kunywa kwenye matone. Felisiani akija mjini anasimama ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa fundi cherehani, na tunaongea kwa kupaza sauti. Habari za nyumbani, habari za mahindi, Ndihokubwayo anasemaje. Malori yakipita tunanyamaza tunangoja. Fundi cherehani akawa anajua mambo yetu yote.

Nyegere walibomoa mizinga miwili. Mwingine uliibwa wote, mti ukabaki na kamba. Pasikali angeirithi ile mizinga, lakini yeye si wa ukoo na hakuwa na moyo wa kuamkia. Wakubwa zake walishafariki, na Felisiani alikuwa wa mwisho. Yeye na Kezia hawakujaliwa mtoto aliyeishi.

Siku moja alinipungia mkono kutoka ng'ambo nivuke. Nikavuka. Alikuwa na jambo, macho yamechangamka kwa namna ambayo sikuipenda. Alisema amefikiri sana juu ya ile dawa ya kidogo kidogo. Nyuki anapotoka kwenye sega, ule wakati bado ana rangi ya majivu na hajaruka, sumu yake haijajaa. Kila mrina analijua hilo. Unaweza kumshika kwa vidole. Akizidi kukaa, sumu inazidi.

"Daktari anapima kwa sindano," akaniambia. "Mimi nitapima kwa umri wa nyuki."

Nilimwita mwendawazimu mbele ya fundi cherehani. Nilimwambia kuna watu wanaotafuta kaburi kwa tochi, na yeye ni mmojawapo. Halafu nikamburuta kwa daktari, ili asikie kwa mtu mwenye koti jeupe. Daktari Abdulrahmani alishika kichwa. Alieleza kwamba hakuna anayejua nyuki fulani ana sumu kiasi gani, na kwamba huyo wa kumi hafuati amri. Unaweza kuwa unamwita yeye, akaamka wa nne. Alimkataza wazi, mara mbili. Felisiani alisikiliza kwa heshima zote, akapiga makofi yake polepole, akashukuru. Tulipotoka nje akaniuliza kama nitamsaidia au afanye peke yake.

Mungu ndiye anayejua kama nilikosea. Nilisema kama ni lazima, basi iwe mbele yangu, nyuma ya duka langu, chupa mkononi mwangu, na zahanati ya mtaa wetu iwe hatua chache. Siku ya gulio Pasikali akaleta kipande cha sega kwenye kopo. Felisiani akachagua nyuki mmoja, mlaini, hata mbawa hazijakauka vizuri, akamkandamiza kwenye mkono. Nilikuwa nimeshavunja shingo ya chupa na kuvuta dawa, jasho linanitoka. Tukakaa. Hakukuwa na kitu zaidi ya kidoa chekundu. Dawa ile ikaharibika bure na ilinibidi nikaombe nyingine kwa nesi wa hapo mtaani, nikijitetea kwa maneno ambayo hakuyaamini.

Ikawa hivyo kila gulio. Nyuki akawa mkubwa kidogo, na baadaye mkubwa zaidi. Safari moja mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko na nikamwambia basi, imetosha, nikalia kabisa. Akasubiri, akapunguza, akaanza upya na wachanga. Safari zilizofuata uvimbe ukawa mdogo. Mimi niliyemwita mwendawazimu nikaanza kuamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliamini. Nilianza hata kuyapanga madumu ya msimu unaokuja.

Halafu ikaja siku alipovuka barabara. Nilikuwa nampimia mteja asali, nikainua macho, shemeji yuko mlangoni. Akaingia, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani karibu na madumu. Nyuki mmoja akatua kwenye goti lake, akatembea, akaruka. Felisiani hakushtuka. Fundi cherehani kule ng'ambo alisimamisha mashine yake kutazama.

"Shemeji," akasema, "yule wa kumi amerudi nyumbani."

Nilimjibu kuwa kama amerudi basi amlipe fundi cherehani fidia ya kelele. Tulicheka mpaka mteja akatushangaa. Kwa muda mfupi nilimwona Felisiani wa zamani, na nikatamani Kezia angekuwepo.

Lakini yeye hakutaka kukaa kwenye kigoda. Alitaka kuamkia, mzingani, kwa utaratibu wao. Nikasema sawa, ila twende wote na chupa iwepo. Akatikisa kichwa. Kwake lile lilikuwa tusi.

"Huwezi kumwamkia mtu huku umeficha rungu mgongoni," akasema.

Nikamwambia aende hivyohivyo na rungu, hao nyuki ni watu wazima, watazoea. Akacheka, hakubishana, na mimi nikadhani nimeshinda. Hata daktari nilimweleza, naye akanisihi nimzuie, akasema nyuki mmoja mkononi ni kitu kimoja na kundi linalolinda mlango wake ni kitu kingine. Mwili unaomvumilia mmoja unaweza kushindwa na kumi. Nilimfikishia Felisiani maneno hayo, neno kwa neno. Akasema amesikia.

Siku ya mwisho alikuja asubuhi, na si siku ya gulio. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, limepigwa pasi. Nilimuuliza kama ana kikao kanisani, akasema kuna mahali anapita. Akakaa. Tulikunywa chai. Aliulizia magoti yangu, akaniambia nipunguze chumvi, mambo ya Kezia hayo, Kezia ndiye aliyekuwa akinikataza chumvi. Kisha akasema ana kiu, akainuka mwenyewe akafungua friji. Nilimwona anaangalia ndani. Alisimama pale kidogo, ubaridi unampiga usoni, na mimi nikangoja aichukue chupa. Akachukua soda ya machungwa. Akafunga mlango.

Nilimshukuru Mungu. Nilisema moyoni, hakuichukua, basi leo haendi msituni. Alikunywa soda yote, akarudisha chupa tupu kwenye kreti, akaniaga kwa makofi. Alivuka barabara, akamsalimia fundi cherehani, akaenda zake.

Pasikali alimkuta alasiri, chini ya ule mti. Bomba la moshi lilikuwa kando yake halijawashwa. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa vizuri mpaka juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akiukunja siku zote. Uso ulikuwa umevimba, kwa hiyo walimfunika mapema, na mimi nilipofika sikumfunua. Pasikali alisema nyuki walikuwa wametulia, wanaingia na kutoka.

Daktari Abdulrahmani alikuja msibani kwa gari la kukodi. Aliniambia huenda wa kumi alikuwa ameanza kurudi kweli, ila hakuwa amefika. Alidhani ananifariji. Nilimshukuru nikamletea maji.

Ndihokubwayo hakuja. Safari hii hata sikuuliza habari ya kibali. Kuganduka kwa Felisiani hakujafanyika na sijui kutafanywa na nani, maana katika ukoo ule sasa hakuna wa kusimama wala wa kusimamiwa. Mizinga iliyobaki imeachwa. Pasikali ananiambia asali inavuja chini ya mti na siafu wanaila. Ameniuliza kama nataka aivune aniletee niuze, nikamwambia asinitajie tena jambo hilo. Asali ninayouza siku hizi inatoka Kibondo, kwa watu nisiowajua, na ni nzuri.

Ile chupa ndogo bado ipo nyuma ya soda. Nesi aliniambia tarehe yake imepita, niitupe. Sijaitupa. Mteja akitaka soda ya baridi asubiri nimtolee mwenyewe, simruhusu mtu kufungua lile friji.